Kiboko Apiga Hodi Kwake Mwenyewe

Hadithi iko mlangoni!
— Ifungulieni!
Imekuja na uongo!
— Uingie, tumeutandikia mkeka!
Imekuja na ukweli kidogo!
— Huo ungoje nje, na viatu vyake!

Haya. Mmeitikia vizuri wote isipokuwa Mwanamvua, ambaye mdomo wake umejaa muhogo mbichi. Mwanamvua, meza kwanza. Mvua hii haikatiki leo, na sufuria bado iko jikoni, kwa hiyo hakuna anayekimbilia popote. Ila nawaambia mapema, hadithi hii hunichanganya hapo katikati. Nikipotea mnirudishe, lakini mnirudishe kwa adabu, si kwa kunicheka.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanakwenda mapumzikoni, palikuwa na Bi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo wa kwenye mawe, hana mkia, akikaa juani hataki kusemeshwa. Huyu Bi Pimbi alikuwa na kikohozi. Kilimwanza na baridi ya milimani kwao, na baridi ilipozidi nacho kikazidi. Akilala, koho koho. Akila, koho koho. Akiwakanya watoto wake, neno moja, kikohozi, neno moja, kikohozi, mpaka watoto wanasahau walichokosea.

Akaenda kwa mganga. Mganga akasikiliza kifua, akakuna kidevu, kisha akamwambia bila kumficha.

"Kikohozi hiki kinataka jiwe kavu lenye jua la asubuhi. Ukilipata utapona. Usipolipata, watafutie wanao mtu wa kuwalea."

Bi Pimbi alilia. Alilia hasa, maana wanawe walikuwa wadogo, na mdogo wao alikuwa bado hajui kupanda jabali bila kusukumwa matako. Akawaacha nyumbani, dada yake awe akiwapitia, akawaonya wasimfungulie mtu wasiyemjua, akafunga viazi vyake kwenye kanga, akashika njia.

Sasa, kulikuwa na kisiwa ambacho wanyama wote walikisifu. Baridi yake si baridi ya kukuuma, joto lake si joto la kukuudhi. Kuvuka kwake ni kwa miguu, siku za bamvua, maji yanapokupwa mpaka mchanga unabaki mtupu. Yakijaa tena, basi, umo kisiwani mpaka bamvua nyingine, upende usipende. Bi Pimbi akavuka, chapa, chapa, chapa, maji nyuma yake yakaanza kujaa.

Akapokewa na Kunguru. Kunguru ndiye aliyekuwa dalali wa nyumba za wageni kisiwani, kifua cheupe, maneno mengi. Nyumba zilikuwa tatu. Na kanuni ilikuwa moja, Kunguru aliisema kabla hata hajasalimiwa: atakayetangulia kuingia nyumba ndiye mwenyewe, mpaka bamvua ijayo.

Wakaenda Upeponi. Kibanda cha makuti, kimeinama, upepo unapita vuuu, vuuu, na makuti yanaitikia chaka, chaka.

"Hapa ndipo," akasema Kunguru. "Hapa hewa haikatiki."

Wakaenda Kilimani. Nyumba ya udongo ndani ya ukungu, maji yanadondoka kwenye paa, to, to, to.

"Hapa ndipo," akasema Kunguru. "Huku jua halikusumbui."

Wakaenda Jabalini. Nyumba ya mawe, mlango unatazama mashariki, na sakafu yake yote jiwe moja pana, jua limejaa humo mpaka kwenye pembe.

"Hapa ndipo," akasema Kunguru. "Ila pana jua, sijui kama utapaweza."

Bi Pimbi kichwa kikamzunguka. Kule ndipo, kule ndipo, na hapa ndipo. Pabaya pamesifiwa, pazuri pameombewa radhi. Akaanza kusahau hata alichoambiwa na mganga. Alisema jiwe lenye upepo? Au ukungu wenye jua? Akaketi pale pale sakafuni, hajui aende wapi arudi wapi, roho imemwingia baridi, anawawaza wanawe. Na kama kawaida yake, akakohoa. Koho. Akangoja ya pili.

Ya pili haikuja.

Akangoja tena. Tumbo lake liko juu ya jiwe, jiwe lina moto, na kifua kimetulia. Ndipo akajua. Akamwambia Kunguru kwamba amepata, akaweka furushi lake chini, akavuta pumzi ndefu ya kwanza tangu baridi ianze.

Basi hapo ndipo alipokuja Kiboko. Chubwi, chubwi, chubwi. Yeye hakungoja maji yakupwe, alikata bahari kwa kifua. Akapanda pwani anachuruzika, na hakuuliza habari ya nyumba, hakuuliza habari ya jua wala upepo. Aliuliza neno moja tu.

"Yule mdogo niliyemwona akivuka kapapenda wapi?"

Kunguru akaelekeza kwa mdomo.

Sasa niambieni nyinyi. Kiboko na jiwe la jua wapi na wapi? Ngozi yake ikikauka inapasuka. Maisha yake yote ni maji na matope. Lakini Kiboko alikuwa na ugonjwa wake, naye hakuwa na habari nao: hakuwahi kujua anataka nini mpaka amwone mwingine anakitaka. Akaenda Jabalini, ndi, ndi, ndi, akaingiza kichwa, akaingiza shingo, akamsukuma Bi Pimbi kwa pua mpaka nje.

"Hapa pangu," akasema Kiboko.

Bi Pimbi akalalamika kwamba yeye ndiye aliyetangulia. Kiboko akapiga miayo, akaonyesha meno. Kunguru akayatazama yale meno, akatazama kanuni yake, akasema kwamba kwa kweli, ukitazama vizuri, nani alitangulia ni jambo gumu kulijua. Dalali huyo.

Bi Pimbi hakubishana. Akaenda Upeponi, akajikunyata nyuma ya ukuta wa makuti, koho koho. Kiboko akachungulia kwa mbali, akamwona ametulia. Akajisemea, ametulia vipi? Pana nini pale? Akateremka, ndi, ndi, ndi, akamsukuma.

"Na hapa pangu."

Bi Pimbi akapanda Kilimani, koho koho koho, akajikunja karibu na meko. Kiboko akachungulia, akamwona amejikunja. Akajiuliza, anaficha nini? Akapanda, ndi, ndi, ndi, anahema, akamsukuma.

"Na hapa pangu."

Basi ikawa hivyo. Kiboko mmoja, tumbo moja, nyumba tatu. Akiwa Jabalini anahofia Kilimani. Akifika Kilimani anahofia Upeponi. Siku nzima anazizunguka nyumba zake anazilinda, jasho linamtoka, na hakuna hata moja aliyokaa akapumzika, naye alikuja kupumzika.

Nini, Mwanamvua? Kwa nini Bi Pimbi asiingie Jabalini wakati Kiboko yuko Kilimani? Angeingia, mwanangu. Halafu Kiboko angerudi akamlalia. Kulaliwa na kiboko kunaponya kikohozi, sikatai, lakini mara moja tu.

Bi Pimbi alikaa njiapanda, mahali pasipo na nyumba ya mtu. Nyuma maji yamejaa, hawezi kurudi. Mbele nyumba tatu, hana hata moja. Kikohozi sasa kilikuwa kinatoka chini kabisa, kinamtikisa mwili mzima. Alikuwa amechanganyikiwa, na mimi nisingejua la kufanya. Na kwa kuwa hakujua la kufanya, akafanya lile ambalo mtu aliyelelewa hufanya akifika kwenye mlango wa mwenzake. Akaenda Jabalini, Kiboko yuko ndani anatafuna vile viazi vya kwenye kanga, akasimama nje ya mlango.

"Hodi."

Kiboko alikuwa mchoyo, alikuwa mkali, lakini mama yake alimlea. Ukimpigia hodi, ulimi wake hujibu kabla kichwa hakijafika.

"Karibu," akasema Kiboko.

Akajisikia alivyosema. Kiazi kikasimama shavuni.

Bi Pimbi akaingia, akamwambia starehe, usijisumbue, akaketi katikati ya jiwe, pale palipokuwa na jua kuliko kote. Kiboko akamwambia atoke. Bi Pimbi akamtazama kwa upole tu, maana hata nguvu za kugombana hakuwa nazo.

"Kwani hapa kwa nani, kaka yangu?"

"Kwangu."

"Na nani amenikaribisha?"

Kiboko akafikiri. Alifikiri mpaka paji likamwuma. "Mimi," akasema.

"Haya basi."

Kunguru akaitwa kutoka juu ya paa. Akauliza kama hodi ilipigwa, akaambiwa ilipigwa. Akauliza kama ilijibiwa, akaambiwa ilijibiwa. Akasema kwamba hilo halina mjadala: Kiboko ni mwenyeji na Bi Pimbi ni mgeni wake. Mgeni hukaa ndani, mwenyeji hukaa mlangoni. Mgeni hupewa kitanda, mwenyeji hujua mwenyewe. Kiboko akauliza, lakini si nyumba yangu? Kunguru akamjibu kwamba ndiyo, ni yake, na taabu yenyewe ndiyo hiyo.

Kiboko akaona mambo yamemgeukia na hajui yamegeukia wapi. Akaenda kuchota maji ya mgeni kule Kilimani, ndi, ndi, ndi, akarudi. Akaenda kuchuma majani ya mgeni, akarudi. Mgeni akamshukuru vizuri, akamwombea heri, akaomba na maji ya moto kidogo kwa ajili ya kifua. Kiboko akakoka moto. Kisha akaketi mlangoni, mgongo juani, ngozi inakauka, inapasuka, ka, ka, ka. Akamwita Kunguru pembeni.

"Hebu nieleze. Kati ya mwenyeji na mgeni, nani anakula zaidi?"

"Mgeni."

"Nani analala kitandani?"

"Mgeni."

"Sasa mimi nilitakia nini nyumba?"

Kunguru akasema kwamba tangu aanze udalali hajawahi kuulizwa swali hilo.

Bi Pimbi alikuwa anasikia yote kutoka ndani. Akamwita Kiboko kwa sauti ya huruma, akamwambia kwamba kaka yangu umechoka, umehangaika na mimi siku nzima, hata wewe unastahili kuwa mgeni. Na ugeni si jambo la kujipa, unaanza na hodi. Kisiwa hiki nyumba si hii peke yake, toka tu ukapige hodi, ukaribishwe, upumzike.

Kiboko akaona hilo ni neno. Akamshukuru mgeni wake kwa ushauri, akatoka mlangoni, akateremka Upeponi kutafuta pa kukaa, Kunguru nyuma yake.

Akasimama nje ya kile kibanda cha makuti. Akajifuta miguu.

"Hodi."

Vuuu, ukasema upepo.

"Hodi."

Chaka, yakasema makuti.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Na mnajua nyote, hodi tatu ukikosa jibu, unaondoka, husukumi mlango wa mtu. Kiboko akamuuliza Kunguru mwenye nyumba hii kaenda wapi. Kunguru akasema kwamba kwa hakika hajui, ila alimwona asubuhi, bwana mmoja mnene.

"Ukimwona mwambie nilipita," akasema Kiboko.

Akapanda Kilimani. Hodi. To, to. Hodi. To, to. Hodi wenyewe. Hapana hata mtu. Kiboko akasikitika, akamwambia Kunguru kwamba wenye nyumba wa kisiwa hiki hawatulii majumbani mwao, na huyu naye ni nani? Kunguru akasema naye ni bwana mmoja mnene, huenda ni ndugu.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa mimi. Maana Kiboko alikuwa ni mwenyeji aliyetoka, na ni mgeni aliyefika, na aliyetoka ndiye aliyemnyima aliyefika. Akijikasirikia hajui amkasirikie yupi. Ngojeni nimeze mate. Haya.

Ikabaki Jabalini.

Bi Pimbi alisikia vishindo kwa mbali, ndi, ndi, ndi, moyo ukampasuka. Maana alijua. Akimwambia karibu, basi yeye ndiye mwenyeji. Kiboko ataingia, atakaa juu ya jiwe, yeye atatolewa mlangoni kwenye umande, atachota maji Kilimani kwa kile kifua chake, na hatafika bamvua ijayo. Cha kufanya kilikuwa kimoja tu, kukaa kimya mpaka hodi tatu zipite. Lakini mwenye kikohozi atakaaje kimya?

Akaingiza ncha ya kanga mdomoni, akalala kifudifudi juu ya jiwe.

"Hodi," akasema Kiboko nje.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Lakini koo lilikuwa linamwasha. Lilianza kwa chini, taratibu, likapanda. Machozi yakamtoka. Akawaza yule mdogo wake anayesukumwa matako akipanda jabali, akaing'ata kanga kwa nguvu zake zote.

"Hodi wenyewe."

Koho.

Kilimtoka. Kimoja tu, lakini kilimtoka, na jiwe likakirudisha kikasikika mpaka nje. Bi Pimbi akafumba macho, akajua amekwisha.

Nje, Kiboko alibaki na mguu mmoja hewani. Akamuuliza Kunguru kwa sauti ya chini kama hiyo ni karibu au si karibu. Kunguru akajikuna. Akasema karibu haifanani hivyo. Lakini kimya nacho hakifanani hivyo. Wakatazamana. Kisha Kunguru akakumbuka jambo.

"Ukikikaribia choo cha uani, ukasikia mtu amekohoa ndani, maana yake nini?"

"Maana yake pana mtu," akasema Kiboko. "Nirudi nyu—"

Hakumaliza. Haya zilimshika mpaka masikio yakamwiva. Yeye mtu mzima, amelelewa, amesimama kwenye mlango ambao bibi wa watu yuko faragha, tena amepiga hodi tatu nzima nzima. Akauomba ukuta msamaha. Akarudi kinyumenyume, hathubutu hata kugeuka, kinyumenyume kwenye njia, kinyumenyume kwenye mchanga, mpaka maji yakampokea. Chubwi. Akazama, yakabaki macho na matundu ya pua.

Mwanamvua, naona umeinua mkono. Ndiyo, najua kwamba kikohozi cha nyumbani si kikohozi cha chooni. Nilishasema hapa pananichanganya. Ungekuwepo ungemweleza Kiboko, lakini hukuwepo, ulikuwa unakula muhogo.

Majini Kiboko aliona raha. Ngozi ikalainika, tumbo likaelea, hakuna mtu wa kumchotea maji wala nyumba ya kulinda. Lakini kichwa hakijatulia mpaka leo. Nendeni mtoni alikorudi mkamtazame. Mara kwa mara huibuka, akafungua mdomo wake wote mkubwa ule, mnadhani anapiga miayo. Hapigi miayo. Anataka kupiga hodi. Halafu anajiuliza, hivi mimi hapa ni mgeni au mwenyeji? Anaufunga, anazama tena.

Na Bi Pimbi? Bi Pimbi alilala juu ya jiwe asubuhi kwa asubuhi. Kikohozi kikashuka, kikawa kidogo, kikawa cha alfajiri tu, kisha siku moja akaamka akakitafuta asikione. Bamvua ilipofika na mchanga ukabaki mtupu, akakunja kanga yake, akamuaga Kunguru, akavuka, chapa, chapa, chapa, akapanda milima mpaka kwao.

Akafika mlangoni, roho juu kwa furaha.

"Hodi."

Watoto ndani wakanyamaza. Sauti wanaijua, lakini mama yao huja na kikohozi, na huyu wa nje hana. Wakakumbuka walivyoonywa. Bi Pimbi akapiga hodi ya pili, akasikia wananong'ona. Yule mdogo akauliza kwa woga, nani wewe?

Bi Pimbi akasimama pale nje, mzima wa afya, haruhusiwi kuingia kwake. Akacheka peke yake, machozi yakamlengalenga. Kisha akaweka mkono kifuani, akajikohoza kwa uongo. Koho, koho, koho.

Mlango ukafunguliwa mpaka nusura ung'oke.

Basi, funzo. Ngoja nikae sawa, funzo halisemwi mtu amelala upande. Funzo la hadithi hii ni kwamba mshike adabu. Pigeni hodi kila mahali, hata kwenu. Adabu haijawahi kumnyima mtu nyumba. Na mkienda mapumzikoni, msijichagulie wenyewe pa kukaa, msikilizeni dalali, yeye anajua. Na ukiwa na kikohozi, kifiche.

Mwanamvua, usiniulize kuhusu Kiboko. Mihogo imeiva.

Hadithi inaaga!
— Isindikizeni!
Uongo wake imeuacha hapa!
— Tutaulea na wa kwetu!
Na ule ukweli ulioachwa nje, unapiga hodi!
— Koho!